Nakala ya Thelathini na Moja

Mimi ni fundi wa fremu, Limbani, Wete.
Nakata vioo, naunga pembe, napiga misumari midogo
ambayo mke wangu huiokota kwa unyayo.
Sanaa siijui. Najua upana wake na urefu.

Ndivyo nilivyomjua Mize Faki, kwa sentimita.
Kwanza cheti chake cha shule, ishirini na moja kwa thelathini;
babaake kalipa nusu, nusu hadi leo.
Kisha jino. Jino moja, kubwa kama mlango,
alilomchorea daktari wa meno wa Chake.
Halikuingia kwenye fremu yoyote. Tulilibeba mabegani,
limefunikwa shuka jeupe,
na watu njiani wakatupisha, wengine wakaomba dua.

Akavuka kwenda Unguja
na vipimo vikaanza kunishinda.
Siku moja kaniletea filamu:
"Hii utaitiaje kioo, Mjomba Kombo?"
Dakika kumi na moja za mikono inayochambua karafuu,
mikono tu, hakuna uso, hakuna jina,
mpaka nikaiona pete ya marehemu dadangu
kwenye kidole cha bintiye.
Mwaka mwingine, chungu alichokifinyanga mwenyewe,
ndani yake kaficha sauti ya cherehani:
unainamisha sikio, unasikia Idi inakuja.

Watu wa mjini wakamuuliza, wewe ni nani hasa,
mchoraji, mfinyanzi, mpiga picha?
Akasema: mimi ni mwenye shughuli.
Kaeni, mtapakuliwa.

Lakini shughuli hailipi kodi ya nyumba.
Akarudi kwao,
akachukua mbuzi ya kukunia nazi ya mamaake, ya mti wa mfenesi,
akachonga juu ya kikalio chake ua mzima:
kuku, kamba ya nguo, ndoo iliyotoboka,
na chini maneno, kinyumenyume, kama yanayosomwa na kioo:
KUKAA KWANGU SI KUKOSA PA KWENDA.
Akapaka wino, akalaza karatasi, akasugua kwa mgongo wa upawa.
Nakala thelathini. Basi.
Kila moja namba yake kwa penseli, na sahihi.

Akaziweka uvunguni mwa kitanda cha mama, pakavu.
Mtaka cha uvunguni, wahenga walisema,
na wakaja, wakainama kweli,
mabwana wa miwani, bibi mmoja wa Dar na dereva wake,
wote wakiuliza: namba moja ipo?
Kana kwamba wino unajua kuhesabu.
Ya kwanza ilikwenda kwa gunia la mchele.
Ya ishirini ilileta bati za paa zima.
Zote nilizitia fremu mimi,
ishirini kwa thelathini na nane, na kidole kimoja cha pambizo.

Mnunuzi wa ya thelathini akaandika kutoka mbali:
desturi inataka kibao kiharibiwe,
kipigwe patasi kati, nami niletewe picha.

Mize akashika patasi.
Bi Riziki yuko juu ya kibao, anakuna.
"Nisubiri nimalize nazi."
Patasi ikasubiri. Nazi ikaisha, akavunja nyingine.
"Mwambie nakifuta," akasema bila kugeuka.
"Nakifuta kila siku kwa makalio yangu mwenyewe.
Ana haraka ya nini?"

Kisha akakumbuka chumvi.
Akainuka, akapangusa mikono, akatoka.
Joto la mchana na unyevu wa nazi
vilikuwa vimeufufua wino kwenye mikato,
na nyuma ya kanga yake, wazi kabisa,
kuku, kamba, ndoo,
na maneno sasa yamenyooka.

Namba haina. Sahihi haina.
Ilikwenda dukani, ikapita msikiti,
ikasimama kidogo kumuamkia mtu,
ikakata kona.

Nami nimebaki mlangoni, futi kamba mkononi,
mkono wenyewe umeshaivuta,
sijui nianzie wapi kupima.